Jiwe la Getini kwa Esnah

Kiingereza mimi nakijua chote. Chote, yaani kile kilichofika darasa la saba siku ambazo mvua haikunyesha na ng'ombe hakupotea. Kwa hivyo neno moja naweza kulisimulia bila kusaidiwa na mtu, nalo ni sori.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, kwenye kituo cha kupimia majani chai kule Nyacheki, Esnah alijikwaa kizingitini akiwa na kikapu mgongoni. Wanawake saba waliokuwa kwenye foleni walimwambia "Sori!" kwa mpigo mmoja, na mawe saba meupe, madogo kama maharagwe, yakaanguka kutoka vinywani mwao. Mawili yaliingia kikapuni. Karani wa mizani hata hakuinua macho.

"Mama Gladys, toa hizo sori kwa majani. Kiwanda hakipiki mawe."

Esnah akayachambua, akayatupa nje. Kuku akayadonoa, akayaacha.

Jambo hili lilianza mwaka wa ile mvua iliyobeba daraja, na watu walilizoea upesi kuliko walivyozoea kukosa daraja. Ukilitaja neno tu halitoi kitu. Ukimpa mtu, linaanguka. Sori ya kumwambia aliyejikwaa, ingawa si wewe uliyemsukuma, ni nyeupe na ndogo. Sori ya kuuliza "umesema nini?" ina tundu katikati, na wasichana huzitunga kama shanga. Sori ya kaunta, ile ya "mtandao umepotea, rudi kesho", ni ya kijivu na nyepesi, ukiitia majini inaelea. Kisii mjini wafagiaji huzizoa kwa toroli kila jioni.

Mwenye kuyajua haya kwa undani alikuwa Mwalimu Obwocha, aliyestaafu na kamusi ya shule isiyokuwa na jalada. Alikuja kituoni na majani kidogo na maneno mengi.

"Waingereza wa kale," aliwaambia wanawake siku hiyo, "walipolisema neno hili walimaanisha, nina kidonda. Likatembea. Likawa, nakuonea huruma. Likatembea tena, likawa, nimekosa. Hata nyumba inayovuja wanaiita hivyo. Na kuna lile lingine la majonzi, soro. Mnadhani ni ndugu yake? Hawakunyonya titi moja. Ni majirani tu, wamefanana kwa kukaa pamoja."

"Kama wewe na mbuzi wako," akasema Persis, jirani ya Esnah, na foleni ikacheka.

Esnah hakucheka. "Mwalimu, na ile ya kidonda? Jiwe lake likoje?"

"Jekundu, zito. Nimeona moja maishani. Aliyelitoa hakula wiki nzima."

Esnah aliuliza kwa sababu alikuwa nalo moja lisilotoka.

Miaka tisa iliyopita binti yake Gladys alirudi kutoka kwa mumewe kule Keumbu, godoro kichwani na jicho moja limevimba. Esnah alimkuta getini na hakulifungua. Alimwambia kwamba msichana akishaolewa hana boma kwao. Alimwambia pia kwamba kaka yake Anyona ameshapanda chai mpaka kwenye ua, na kwamba ng'ombe wa mahari yake ndio waliomwolea Anyona mke, sasa watarudishwaje? "Rudi kwako." Gladys aliweka godoro sawasawa akaondoka. Kwa mumewe hakurudi. Alipiga simu Krismasi, na siku nyingine moja katika mwaka ambayo haikujulikana ni ipi. Akiulizwa yuko wapi alisema yuko kazini.

Kwa Wagusii mzazi hamwombi mtoto wake msamaha. Kuna adabu baina yao, wanaiita chinsoni, na kuivuka ni kama kuvua nguo sokoni. Hata hivyo Esnah alijaribu, nyuma ya jiko, ambapo mahindi hayasemi. Kuku aliyemkanyaga alimpa sori bila shida. Sufuria aliyoiangusha aliipa. Akilitia jina la Gladys mbele, koo lilifunga kama mlango uliovimba kwa mvua.

Chumba cha Gladys kilikuwa na magunia ya mbolea ya Anyona. Esnah aliingia humo mara kwa mara akijifanya anatafuta jembe. Chini ya harufu ya mbolea kulikuwa na nyingine, ya mafuta ya nywele, au alidhani hivyo. Jioni aliliacha geti bila kufuli. Kisha aliamka akaenda kulifunga, akisema ni kwa sababu ya mbwa.

Jumapili iliyofuata Gladys akapiga simu, na haikuwa Krismasi.

"Mama, naota hilo geti. Siku ile nilipofika kona niligeuka. Niliona mdomo wako unasonga. Ulikuwa unasema nini?"

Siku ile Esnah alikuwa anafukuza kuku kwenye mtama.

"Nilisema sori," akajibu. "Ile nzito. Iko hapa getini mpaka leo. Hata asubuhi nimeipitia."

Kwenye simu kukasikika maji yakimwagika mahali.

"Basi Jumamosi nakuja niione."

"Njoo, mwanangu."

Alhamisi Persis alikuwa anapeleka ndizi Tabaka, ambako watu huchonga mawe ya sabuni, yale laini ya vinyago. Esnah alimfuata mpaka barabarani.

"Niletee jiwe. Jekundu, zito. Lisionekane limetengenezwa."

"Huko kila jiwe ni kiboko au sahani ya sabuni."

"Leta ambalo halijawa kitu."

"Omong'ina, mama yangu, ukisikia uongo umeanza kutafutiwa mizigo, ujue umekomaa," akasema Persis, lakini akaleta. Lilikuwa yai la jiwe, jekundu lenye mishipa myeupe, limefungwa kwa jani la mgomba. Wanawake hao wawili wakalipaka masizi na mavi ya kuku, wakalizika nusu kando ya nguzo ya geti, wakalimwagia maji ya kunawia vyombo. Persis akarudi nyuma hatua tatu kulitazama.

"Miaka tisa kabisa," akasema. "Labda kumi."

Jumamosi Gladys alifika kwa miguu. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa myeupe kwenye mistari ya viganja, weupe usiotoka kwa kunawa. Anyona akatokeza kichwa katikati ya chai.

"Sori, sista. Ungesema mapema tungekutolea mbolea kwa chumba."

Jiwe la kijivu likaanguka, likabiringika mpaka kwenye mtaro, likaelea likienda zake. Anyona akaendelea kuchuma.

Gladys alichuchumaa kando ya nguzo.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Lilitoka mdomoni mwako, Mama?"

"Lilinitoa jino," akasema Esnah, akafunua mdomo kuonyesha pengo ambalo kijiji kizima kilijua ni la mahindi ya kuchoma.

Gladys akaling'oa ardhini. Akalitemea mate, akalisugua kwa kidole gumba, taratibu, akifuata mviringo wake kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto mchanga.

"Unajua kazi yangu ni nini?" akauliza.

"Hujawahi kuniambia."

"Napiga mawe msasa Tabaka. Wanaume wanachonga, sisi tunakaa na mabeseni ya maji, tunasugua mpaka yang'ae. Miaka tisa." Alizungumza bila hasira, kama anayetaja umri wa ng'ombe. "Tuko wengi. Kila mmoja anakwaruza alama yake kwa msumari, chini pale, ndio mwenye karakana ajue nani amesugua gani."

Akaligeuza. Masizi yalikuwa yametoka, na chini ya yai, ndogo lakini safi, kulikuwa na herufi G.

"Hili nililimaliza Jumatano," akasema Gladys.

Esnah aliitazama herufi ile. Geti lilikuwa wazi nyuma yake, na kutoka hapo mlango wa chumba chenye mbolea ulionekana vizuri. Mdomo wake ulisonga kidogo. Gladys aliona. Alisimama, akaweka jiwe juu ya nguzo, akakinga kiganja chini ya kidevu cha mama yake kama mtu anayekinga maji ya mvua.

Esnah akafungua mdomo.

"Hiyo G," akasema, "ni ya geti."

Kiganja kilikuwa kitupu. Gladys hakukiondoa.