Shangazi Juu ya Mikeka

Katika kisiwa chetu chote hajazaliwa mpiga picha wa kunishinda mimi, Seluvaia. Nisiwafiche lakini: wakati huo kisiwa kilikuwa na kamera mbili tu, na ya pili, ya mchungaji, ilikuwa imeshaangukia baharini. Yangu aliniletea mwanangu kutoka Auckland, na kwa mwezi mzima niliitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Kitabu cha maelekezo kilikuwepo. Mimi shule niliishia darasa la sita, na la sita lenyewe nililisoma huku nikichungulia dirishani, kwa hiyo kitabu nilikitazama michoro nikakirudisha kwenye boksi. Kufikia Novemba nilikuwa nimeshapiga picha kuku, mlango, na kidole changu gumba mara saba. Habari zikaenea kwamba Seluvaia anajua kupiga picha. Alizieneza nani? Mimi mwenyewe.

Ndipo Temaleti akaja kwangu. Temaleti ni shoga yangu tangu tukiwa hatuna meno ya mbele, na sasa tunarudi kulekule. Akakaa kizingitini, akajipepea na upindo wa gauni.

"Naolewa," akasema.

"Na nani?"

"Kepueli."

"Kepueli yule asiye na meno?"

"Anayo matano. Nimeyahesabu."

"Umeyahesabia wapi, shoga?"

Akanirushia kifuu cha nazi. Alikuwa na miaka sitini na sita na alikuwa mjane mwaka wa kumi na mbili. Kepueli naye alikuwa mjane, fundi wa mashua aliyestaafu, mtu mpole anayenuka mbao. Harusi ingekuwa Desemba, wakati wa joto kali, jamaa wa New Zealand wakiwa wamerudi likizo na nguruwe wamenona.

Sikumwona ana furaha ya bibi harusi, nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, nami nikashika kichwa.

Kwetu Tonga, shangazi, dada wa baba, ndiye kichwa cha harusi. Baba akikosekana, watu watahuzunika, kisha watakula. Bwana harusi akichelewa, atasubiriwa. Shangazi ndiye anayekaa juu ya rundo la mikeka, mahali pa juu kuliko wote, na asipokaa, watu watakula nguruwe wako na kesho watasema hawajaona harusi. Habari ya ndoa anapewa yeye kwanza, kabla hata paka wa nyumbani hajaisikia. Na Temaleti, mtu mzima na akili zake, alikuwa amemwambia mchungaji kwanza.

"Nilikutana naye njiani," akasema. "Ikanitoka tu."

Alipofika kwa Shangazi Lesieli, habari ilikuwa imeshamtangulia kwa mdomo wa mke wa mchungaji. Shangazi Lesieli alikuwa na miaka themanini na minne, mwembamba kama ufagio, na ulimi wake haukuzeeka hata siku moja.

"Umeniletea habari za juzi," alimwambia. "Haya, mchungaji ndiye akae juu ya mikeka. Mimi nitakuja kula."

Hayo tu yangetosha kumnyima mtu usingizi. Lakini Temaleti alikuwa na barua pia, ya binti yake Fatai aliyeko Auckland, iliyosomwa mpaka karatasi ikalegea kama kitambaa. Fatai hakuifurahia ndoa ya mama yake. Aliandika: *Shangazi Mkuu anasemaje? Kama amekubali, nitumie picha amekaa juu ya mikeka, wewe kulia na huyo mzee kushoto. Nikiiona, mwakani nitawaleta watoto wamwite babu. Nisipoiona, mama, usinitajie jina lake, na safari usiiulize.*

Wajukuu hao ni wanne. Temaleti alikuwa amewaona mara moja tu, wakati mdogo bado alikuwa tumboni.

"Seluvaia," akasema, "nataka picha hiyo moja. Nyingine piga chochote upendacho."

"Hiyo kwangu ni kama kumenya ndizi," nikamjibu.

Siku ya harusi jua lilitoka likiwa limekasirika tangu asubuhi. Kanisani makoti yalilowa migongoni, na waimbaji walijipepea kwa vitabu vya nyimbo hata katikati ya sala. Mkanda wangu ulikuwa wa picha ishirini na nne. Nikampiga Temaleti akiingia, amevikwa vitambaa vya magome na mikeka mizuri ya kiunoni mpaka anatembea kama kabati linalosukumwa. Nikampiga mchungaji amefumbua mdomo. Nikawapiga waimbaji, kisha nikawarudia kwa sababu mmoja alilalamika kwamba shavu lake zuri ni lile la pili.

Tulipofika uwanjani kwenye karamu nikaharibikiwa kabisa. Nguruwe wa kuchoma walikuwa wamepangwa mezani kumi na watatu, ngozi inang'aa, na majani ya magimbi na viazi vikuu vimewazunguka. Nguruwe wa kuchoma ana sifa moja ambayo binadamu hana: hafumbi macho na hakuulizi kama ametoka vizuri. Nikapiga meza hii, nikapiga meza ile. Watu walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa huwa sijui kuacha.

Chini ya turubai lilikuwa rundo la mikeka, jipya, refu kama kiti cha mfalme, na juu yake hakuna mtu. Shangazi Lesieli alikuwa amekaa jikoni kwenye benchi, pamoja na wanawake wanaomenya, anakula mguu wa nguruwe kwa utulivu. Kila mgeni alipita akatazama mikeka, akatazama jikoni, akainama kumnong'oneza jirani yake. Temaleti alikuwa ameketi na bwana wake, sahani imejaa, hajagusa hata tonge. Mimi nilikuwa nimemwendea Shangazi mara mbili na maneno matamu, na mara zote mbili alinipa mfupa nikautupe.

Basi Temaleti akasimama. Akavuka uwanja mzima na vitambaa vyake vikiburuta, akaingia jikoni, akaketi chini kwenye majivu mbele ya benchi. Akaishika miguu ya Shangazi, akaweka paji la uso juu yake. Wapiga gitaa wakanyamaza mmoja mmoja.

"Nimekosa, Shangazi," akasema. "Nilitangulia kwa mchungaji."

"Kwa nini?"

"Furaha ilinizidi. Nilimkuta yeye kwanza."

"Ungeufunga mdomo mpaka kwangu. Ni hatua mia mbili."

"Nilishindwa. Siku ile ningekutana na ng'ombe, ningemwambia ng'ombe."

Shangazi alitafuna polepole. "Kwa hiyo mchungaji ni ng'ombe."

"Sikusema hivyo, Shangazi!"

"Nimesikia mwenyewe. Na yeye yuko pale, amesikia." Akajifuta vidole kimoja kimoja, akaiweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha Temaleti na kuiacha hapo kitambo. Nilimwona macho yanamlowa, ingawa mpaka leo anasema ulikuwa moshi. "Inuka, mwanangu. Unaumwagia machozi mkeka wa mama yangu niliouvaa. Nipe mkono nipande huko juu."

Watu walipiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Shangazi akapandishwa juu ya mikeka, akanyoosha shingo, akakunja mikono mapajani. Temaleti akakaa kulia kwake, Kepueli kushoto. Mimi nikapiga goti mbele yao kama mtaalamu, nikafumba jicho moja, nikabonyeza.

Kimya. Nikabonyeza tena. Nikatazama kile kidirisha cha namba: ishirini na nne. Nikakumbuka nguruwe wote kumi na watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sura yake.

Sasa nisikilizeni. Ningeweza kusema ukweli. Lakini Shangazi Lesieli si mtu wa kuambiwa "ngoja kidogo." Amebembelezwa mara moja akapanda, akishuka, hapandi tena mpaka Kristo arudi. Nikanyanyuka taratibu, nikamvuta Kepueli nyuma ya turubai.

"Mkanda umekwisha. Kimbia dukani kwa Lisiate, mwingine uko kwenye friji, pamoja na barafu za watoto."

"Mkanda gani?"

"Wa kamera! Ukichelewa, wajukuu hawakuiti babu."

Nitamsifu kwa hili: hakuuliza la pili. Alikwenda kwenye duara la wanaume wanaokunywa kava, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, ambako Lisiate mwenye duka alikuwa amekaa na macho mazito.

"Lisiate, nipe ufunguo wa duka."

"Duka limefungwa. Kuna harusi."

"Mimi ndiye bwana harusi!"

"Haa! Basi hongera, bwana."

Ufunguo ulipatikana mfukoni mwake kwa nguvu. Kepueli akapanda baiskeli ya mtu, mkeka wa kiunoni umemkunjamana mpaka kifuani, akatokomea. Mimi nikarudi kwa Shangazi, nikapiga goti.

"Tayari! Msitikisike!" Nikabonyeza kwa kidole, na kwa ulimi nikagonga kaakaa: *klok!*

"Safi sana," nikasema. "Shangazi, inua kidevu kidogo." *Klok!*

"Kamera yako ina mafua," akasema Shangazi.

"Ni ya kisasa. Inahesabu yenyewe." *Klok!*

Niliwapanga kwa namna zote Mungu alizoziruhusu. Nikageuza mkeka wa juu. Nikasema jua limebadilika. Nikaleta shada la maua, nikaliondoa, nikalileta tena. Temaleti alinitazama machoni mara moja, akaelewa yote, akaanza kuomba kimoyomoyo huku akitabasamu. Nilipiga picha kumi na mbili kwa ulimi, na ulimi ukaanza kuuma.

"Bwana harusi yuko wapi?" Shangazi akauliza.

"Tumbo, Shangazi. Amekwenda kutafuta dawa."

"Leo tumbo?"

"Ni woga. Kazi ya usiku wa leo si ndogo kwa mtu wa umri wake."

Wanawake wa jikoni walicheka mpaka mmoja akaangusha sufuria. Shangazi mwenyewe akaficha mdomo kwa kiganja, na kicheko hicho kilinipa dakika tano nyingine.

Kepueli akarudi. Jasho linamtiririka, kiatu kimoja kimeng'oka soli, lakini alinyoosha mkono na mkanda ukaingia kwenye kiganja changu kama mwizi na mwenzake. Nikajifunika kitambaa cha magome kichwani, nikasema nafuta jicho la kamera. Humo ndani, gizani, kwa vidole vilivyosuka mikeka miaka hamsini, nikazungusha ule wa kwanza urudi, nikautoa, nikatia mpya. Sikuhitaji kuona. Kwa kweli naona vibaya zaidi nikitazama.

"Umepata dawa?" Shangazi alimuuliza Kepueli.

"Nimepata, Shangazi," akajibu, bila kujua anajibu nini.

Akarudi kukaa kushoto. Nikafumba jicho. Nikabonyeza, na safari hii kamera ikalia yenyewe. Niliposikia ule mlio nilitaka kulia na mimi. Nikapiga mara tano, na sitawadanganya: sijawahi kuona kitu kizuri kama wale watatu, Temaleti macho mekundu, mzee wake anahema, na Shangazi Lesieli katikati, juu, kama mtu ambaye hajawahi kukaa mahali pengine.

Mikanda ilikwenda mji mkuu, Nukualofa, kwa meli, ikasafishwa, ikarudi baada ya wiki tatu. Nguruwe walitoka vizuri mno. Katika zile tano za mikeka, nne nilikata kichwa cha mtu, na si kichwa kimoja. Lakini moja ilitoka kamili, kali, hata nyuzi za mikeka ungezihesabu. Temaleti aliiagizia nakala mbili, moja akaipeleka posta na nyingine akampa Shangazi, ambaye aliitundika juu ya kitanda na kuwaonyesha wote waliofika kumsalimu, na wengine waliopita njia tu.

Jibu la Fatai lilifika mwishoni mwa Februari. Temaleti hakuthubutu kulifungua peke yake, akanichukua tukaenda kwa Shangazi. Tuliketi mkekani, yeye akasoma kwa sauti, na kwenye mstari wa tatu ikabidi atue anywe maji. Fatai ameiona picha. Ameiweka juu ya televisheni. Wanakuja Desemba, wote sita, na watoto wameshaanza kugombana nani atakaa karibu na babu kwenye mashua. Temaleti akaibana barua kifuani. Mimi nikajipigapiga bega mwenyewe, maana hakuna aliyekumbuka kunipongeza.

"Endelea," Shangazi akasema. "Karatasi ina upande wa pili."

Temaleti akageuza. "*Mkubwa anauliza jambo,*" akasoma, akapunguza mwendo. "*Anauliza kwa nini babu, siku ya harusi yake, ameshika boksi la...*" Akaikunja karatasi.

"La nini?"

"Mwandiko wake mbaya, Shangazi."

Shangazi akanyoosha mkono, akaing'oa picha ukutani, akavaa miwani yake, kisha akachukua na kioo cha kukuzia anachosomea Biblia. Akashuka nacho polepole, kutoka uso wa Kepueli, kifuani, mpaka gotini, palipokuwa na mkono wa kulia. Nami nikaona kwa mara ya kwanza kile ambacho mpiga picha bora wa kisiwa hakukiona: kijiboksi cheupe cha mkanda wa kamera, kimefunguliwa, na ubavuni kimeandikwa 24 kwa tarakimu kubwa.

"Hii ndiyo dawa ya tumbo?" Shangazi akauliza.

"Siku hizi dawa zinafungwa ovyo, Shangazi," nikasema. "Wanatumia boksi lolote."

Akakiweka kioo chini. Akavua miwani, akaikunja, akanitazama kwa upole ulionitisha kuliko ukali.

"Seluvaia, mwanangu. Kabla Kepueli hajarudi na dawa yake, ulinipiga picha kumi na mbili. Nilizihesabu. Nenda nyumbani sasa hivi, kaniletee japo moja."