Wafanyakazi Mia Mbili Arobaini na Mmoja

Kiwanda cha mablanketi kilifungwa mwaka ule mabenki ya ng'ambo yalipoporomoka. Sisi hatukuwa na senti moja katika mabenki hayo, hata majina yake hatukuyajua, lakini wanunuzi wa mablanketi walifuta oda zao kwa barua ya mistari mitatu, na wiki iliyofuata mlinzi akafunga geti kwa mnyororo. Wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili walisimama nje wakiangalia kufuli. Mmoja wao alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, fundi wa mitambo ya kufuma. Mdogo wangu alilia pale getini mpaka akakaa chini vumbini, na ni mimi niliyemnyanyua. Tangu siku hiyo sikutaka kuliona tena lile geti, na kosa langu lilianzia hapo.

Mimi ni karani wa takwimu katika ofisi ya kanda. Watu huniita Mama Takwimu, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka, na wote nawajua. Kila mwezi napeleka fomu katika viwanda na kampuni thelathini na saba: mna wafanyakazi wangapi, mmezalisha kiasi gani, mnatarajia nini. Kiwanda kisipojibu, kuna kitu tunaita kujazia. Unachukua takwimu yake ya mwezi uliopita, unaiongeza kidogo kama wenzake waliojibu walivyoongeza, basi, unasonga mbele. Si uongo huo, kanuni inaruhusu. Inaruhusu miezi mitatu. Mwezi wa nne lazima uende ukajionee kwa macho yako, kisha utie sahihi kwamba umefika.

Mkuu wa ofisi aliniambia kiwanda kimefungwa kwa muda tu, nijazie. Nikajazia. Mwezi wa nne nilivaa viatu vya kutembelea, nikafika kwenye kona ya barabara ya kiwandani, nikageuka hapohapo. Nilirudi ofisini nikatia sahihi kwamba nimefika. Baada ya hapo ikawa mazoea. Mia mbili na kumi na wawili, mia mbili na kumi na watatu, hivyo hivyo, mwezi baada ya mwezi, na mimi nakunywa chai yangu.

Shemeji alihangaika karibu miaka miwili. Alibeba mizigo sokoni, alitengeneza baiskeli, mwishowe akawa anakaa tu mlangoni na mikono yake mikubwa ameipakata. Alikuwa mcheshi yule mtu. Alizoea kuniita "mke mkubwa" mbele ya wageni ili mdogo wangu anune. Ucheshi ule ulimtoka wote.

Halafu asubuhi moja mdogo wangu akanipigia simu, sauti yake inaruka kwa furaha.

"Dada! Kaitwa kazini! Kavaa ovaroli lake la bluu, katoka saa kumi na mbili!"

"Kazini wapi?"

"Kiwandani, wapi tena? Na wenzake wote wa mtaa huu wamekwenda."

Sitaficha, nilijiona mjanja. Nilijiambia, kumbe takwimu zangu zilikuwa sahihi, zilitangulia tu kidogo.

Miezi ikapita. Wanaume wa maovaroli ya bluu walizidi kuonekana asubuhi, wanatembea kimya, hawasalimiani. Nikaanza kusikia mambo yasiyoniingia akilini. Shemeji alikuwa anarudi na chakula chake vilevile alivyofungiwa. Hapati mshahara, anasema ndiyo kwanza wameanza. Na sokoni hapakuwa na blanketi hata moja lenye nembo ya kiwanda kile. Nilimuuliza mdogo wangu kama shemeji anaumwa.

"Haumwi," alisema. "Ila anakuwa mwepesi, dada. Jana kakaa ukingoni mwa kitanda, godoro halikubonyea."

Nilimwambia anunue godoro jipya. Mungu anisamehe.

Mwezi huohuo tulitoa ripoti yetu ya hali ya uchumi na mwelekeo wake. Ilisema kanda yetu ndiyo ya kwanza kunyanyuka baada ya mtikisiko wa dunia, ikiongozwa na viwanda vya nguo na mablanketi. Wakubwa walikuja kutoka makao makuu kutupongeza. Mkuu alisimama mbele ya mchoro wenye mstari unaopanda, akauelekezea kalamu. Baada ya miaka mitatu, alisema, kiwanda cha mablanketi peke yake kitakuwa na wafanyakazi mia tatu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani. Waliofukuzwa walikuwa mia mbili na kumi na wawili, na katika hao najua saba waliokwisha kufa. Hao mia tatu watatoka wapi?

Kesho yake saa nne asubuhi nilijikaza kisabuni nikaenda.

Geti lilikuwa na mnyororo uleule, kufuli imeliwa na kutu, majani yameota mpaka magotini. Nilizunguka nyuma nikapata bati lililobanduka, nikapenya. Jua lilikuwa linaingia kwenye matundu ya paa. Ukumbi wa kufumia ulikuwa mtupu. Mitambo yote ilikuwa imeng'olewa na kuuzwa zamani, zimebaki nati sakafuni na alama za mafuta pale ilipokuwa imesimama. Na kwenye kila alama amesimama mtu.

Walikuwa wanafanya kazi. Mikono ilikwenda na kurudi, ikafunga nyuzi zisizokuwepo, ikavuta mipini isiyokuwepo. Hapakuwa na sauti hata ya nyayo. Nilitaka kukimbia, lakini mimi ni karani, nikiogopa nahesabu. Nilihesabu safu kwa safu. Mia mbili arobaini na mmoja. Nikarudia. Mia mbili arobaini na mmoja, idadi niliyoiandika Jumatatu kwa mkono wangu. Wa mwisho, karibu na ukuta, alikuwa kinyozi wa mtaani kwetu, mtu ambaye hajawahi kushika uzi wa kiwanda maishani mwake. Duka lake lilikuwa limefungwa tangu Jumatatu.

Shemeji alikuwa safu ya tatu. Nilimwita, hakugeuka. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkono wake, vidole vyake vipana vyenye makovu, lakini hauna uzito, ni sawa na kushika mkono wa shati lililotundikwa.

"Shemeji," akasema bila kunitazama, "usinisimamishe. Zamu haijaisha."

Nilitoka pale nalia kama mtoto.

Siku ile ile nilichukua fomu ya kiwanda, nikafuta mia mbili arobaini na mmoja, nikaandika mia mbili arobaini. Sikuwa na uhakika na chochote, nilitaka tu kuona. Asubuhi nikapita dukani kwa kinyozi. Mlango wazi, amekaa kwenye kiti cha wateja, anakula mkate mzima bila chai. Nilimuuliza alikuwa wapi.

"Sijui, mama," akasema, kinywa kimejaa. "Nina njaa tu."

Basi nikajua. Nikiandika sifuri, shemeji atarudi. Lakini kushusha mtu mmoja kulikuwa kumeshaniletea mkuu mezani.

"Mama Takwimu, hiki kiwanda kimepungua kwa nini?"

"Na kikifika sifuri?"

Alicheka, kisha akaona sicheki. "Kikifika sifuri utaniandikia barua, uniambie ni nani aliyetia sahihi miaka yote hii kwamba amefika."

Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Nyumba yangu haijapigwa plasta, magoti yananiuma, sina mtoto wa kunilea. Niliirudisha fomu kwenye droo. Nilijiambia nasubiri wakati mzuri. Nilikuwa mwoga, hakuna jina jingine. Mwezi ukapita mzima, shemeji akazidi kwenda na kurudi, na mimi nikazidi kunywa chai.

Kilichonitoa pale ni mdogo wangu. Alikuja ofisini asubuhi, hajajifunga hata kitambaa, akasimama mbele ya meza yangu.

"Dada, leo alfajiri upepo ulipiga mlango. Ukamsukuma mpaka ukutani. Upepo tu, dada. Nikamnyanyua nimlaze, ni mwepesi kuliko mtoto wetu. Anakwisha, na wewe unajua kitu. Nakujua tangu tunalala kitanda kimoja. Unajua kitu."

Nilifungua droo. Niliandika sifuri mbele yake, kisha nikaandika barua kwa mkuu, nikataja miezi yote, moja moja, niliyotia sahihi bila kwenda. Mkuu aliisoma amesimama. Hakunitukana. Aliniambia tu nimalize mwezi, niwasilishe fomu zangu za mwisho, kisha nifunge virago.

Wafanyakazi walitoka kiwandani siku hiyohiyo saa saba mchana. Mji mzima uliwaona, wanatembea jua kali wakijishika kuta, wanaingia kila mtu nyumbani kwake kutafuta sufuria. Shemeji alikula mpaka mdogo wangu akaogopa. Alilala siku mbili. Siku ya tatu godoro lilibonyea, na mdogo wangu akanipigia simu analia kwa furaha, nami nikalia upande wangu.

Halafu ripoti ikafutwa. Ile mpya ilisema kanda yetu haijanyanyuka kabisa, na kwamba mwelekeo si mzuri kwa miaka mitano ijayo. Mwekezaji aliyekuwa anakuja kuangalia majengo akaahirisha safari. Sokoni wanawake walinipa mgongo. Mmoja alinitemea maneno mbele ya watu: wanaume wetu walikuwa na kazi, wewe na kalamu yako umewaachisha. Nilitaka kumwambia kazi gani ile, lakini nyuma yake alikuwa amesimama mumewe, amenona vizuri, na macho yake yameganda.

Jumapili ya mwisho kabla sijakabidhi fomu nilikwenda kwa mdogo wangu. Shemeji alikuwa sebuleni. Mashavu yamerudi, mikono imejaa. Alikuwa amevaa ovaroli la bluu, limefuliwa na kupigwa pasi, na viatu amefunga. Mdogo wangu alisema anavaa hivyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kisha anakaa kwenye kile kiti mpaka jioni.

"Pole, shemeji," nilisema. "Sikuwa na njia nyingine. Ulikuwa unakufa."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu arudi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Najua," akasema. "Nilikuwa najua hata kule. Lakini asubuhi nilikuwa naamka, nina pa kwenda. Niandike, shemeji."

"Nini?"

"Hujakabidhi fomu bado. Niandike tena. Mimi peke yangu."

Nilimgeukia mdogo wangu anisaidie, amkaripie, amwambie anaingiwa na wazimu. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alimtazama mumewe, akayatazama yale mashavu yaliyojaa na yale macho. Kisha akainamisha uso.

"Mmoja tu, dada," akasema. "Nani atajua?"