Wageni wa Moto

Ema alisimama nje ya ua akiwa ameshika kigae cha chungu, na hakupiga hodi. Upepo wa Makambako ulikuwa ukimvua kaniki begani, akiirudisha, ukimvua tena. Dorika, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, alimwacha asimame kidogo, maana alijua amefuata nini, na alijua pia kwamba amekatazwa kumpa.

"Kamwene, mama," Ema akasema.

"Kamwene."

"Naomba moto. Mama mkwe wangu anatetemeka tangu alfajiri. Kiberiti tumekimaliza chote kwa huu upepo."

Hapo njia panda kila mtu alimjua huyu mke wa Methusela, ingawa wengi walijitia hawamwoni. Lori la kampuni ya miwati lilikuwa limewashusha kando ya barabara, yeye na mumewe, watoto wao na bibi kizee, pamoja na vyungu vyao. Bonde lao kule Njombe lilitakiwa na kampuni. Lilipimwa, likapigwa vigingi, nyumba zikabomolewa ili ipandwe miwati, miti ambayo magome yake yangesafiri mpaka Ulaya kutengenezea ngozi za viatu vya watu wengine. Waliambiwa wangoje hapo, Bwana Shauri, mkuu wa boma, atawaonyesha ardhi nyingine, yenye maji. Wakangoja. Nyasi walizosimika kukinga upepo ziling'oka, wakazisimika upya, zikang'oka tena.

Jumapili, watu wakitoka ibadani, Jumbe Gideoni alisimama nje ya kanisa akatangaza kwamba asionekane mtu akiwapa moto watu wa barabarani. Maji, sawa. Viazi, kwa mwenye moyo. Moto, hapana. Hakuna aliyeuliza sababu. Kwa watu wa pale, aliyepewa kaa kutoka jikoni kwako si mpita njia tena, ni mgeni wako wa moto. Hafukuzwi mpaka mavuno, na linalomhusu yeye linakuhusu wewe. Jumbe hakutaka watu wengine wa kumuuliza habari za mashamba.

Dorika alimtazama yule mwanamke akakasirika, na hakujua anamkasirikia nani: jumbe, kampuni, au Ema mwenyewe aliyezipita nyumba zote zile akaja kwake, mjane. Akaingia jikoni, akachagua kaa kubwa, akaliweka juu ya kigae na kulifunika kwa majivu.

"Litazimika kabla hujafika," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayegombana na nafsi yake, akaongeza, "Ah, waleteni huku huku. Nyumba ya Lukas iko tupu."

Lukas alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa Tanga akikata mkonge, kama vijana wengine wote waliochukuliwa pale njia panda kwa malori.

Bibi Tabea aliletwa mgongoni mwa Methusela. Dorika alimkalisha karibu na mafiga, akamfungua matambara yaliyoloa miguuni, akaanza kumsugua nyayo kwa viganja. Joto lilipomwingia kikongwe, mdomo ukafunguka.

"Unanitekenya, mwanangu."

"Nikutekenye nini, bibi, na magaga haya? Labda kwa jembe."

Bibi Tabea akacheka mpaka akakohoa, na watoto wakacheka kwa kuwa bibi yao anacheka. Viazi vikapita mkono kwa mkono. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu Lukas aondoke, na Dorika alifurahi, alifurahi kweli kweli. Lakini hakuweza kutulia. Kila mara aliinuka, akachungulia barabarani, akarudi kuketi, akainuka tena.

Kesho yake asubuhi jumbe alikuja. Alikuwa na karani wa boma, kijana mmoja aitwaye Alois, mwenye soksi ndefu na maneno laini.

"Mama Lukas," jumbe alisema bila salamu, "nilikukataza."

"Ulinikataza, jumbe. Bibi alikuwa anakufa."

"Watu hufa."

"Usimgombeze, jumbe," Alois akasema, akitabasamu. "Mama amefanya vizuri sana. Bwana Shauri atafurahi. Yeye husema siku zote kwamba serikali inaheshimu mila za wenyeji."

Dorika hakulipenda tabasamu lile. "Atafurahia nini?"

"Hawa walikuwa hawana pa kwenda. Sasa wamepokewa, tena kwa mila yenu wenyewe. Shauri lao limekwisha."

Methusela alikuwa akipasua kuni. Akaliweka shoka chini. "Na ardhi yetu, bwana karani? Tuliahidiwa ardhi yenye maji."

"Ile ilikuwa ya watu wasio na mwenyeji. Ninyi mnaye. Tena kampuni imeshaiomba, inataka mahali pa kukaushia magome."

"Tutalima wapi?"

Alois akamtazama jumbe. Jumbe, ambaye mahindi yake yalianzia nyuma ya kanisa na kuteremka mpaka mtoni, akanyoosha fimbo kuelekea kwenye kipande kidogo kilichokuwa nyuma ya jiko la Dorika.

"Watalima pale. Mimi sina ardhi ya kugawa."

"Pale?" Dorika akasema. "Shamba lile halimtoshi hata Lukas! Unadhani yuko Tanga kwa kupenda?"

"Moto ulikuwa wako, mama. Hukuuazima kwangu."

"Basi sikuwapa. Waliwasha wenyewe."

"Moshi tumeuona sote," Alois alisema kwa upole.

Dorika aliwatazama mmoja mmoja, akaona jinsi alivyotegwa kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba aliowahurumia ndio waliofungwa kamba. Akamgeukia Methusela. Maneno yalimtoka kwa kelele, kwa sababu kwa sauti ya kawaida yasingetoka.

"Ondokeni! Ondokeni kwangu! Nawafukuza mbele ya hawa, mmenisikia? Si wageni wangu!"

Watoto waliacha kutafuna. Bibi Tabea, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, aliuliza kuna nini. Ema akaanza kulia. Ni Methusela peke yake aliyeelewa, na alipoelewa aliinamisha kichwa.

"Tumekusikia, mama," alisema. "Asante."

Tabasamu la Alois likapungua. "Mila haisemi hivyo. Mgeni wa moto hafukuzwi mpaka mavuno."

"Wewe mtu wa boma ndiye utakayenifundisha mila?"

"Mimi sifundishi mtu." Karani akatazama barabarani. "Bwana Shauri anapita leo kwenda Njombe. Yeye huamini macho yake tu. Akiwaona barabarani, mseme naye wenyewe."

Familia ile ikarudi barabarani. Methusela alikataa hata kaa moja lisibebwe, asije mtu akasema wana moto wa nyumba fulani. Walikaa mstari mmoja kwenye majani yaliyolala, wakiuelekeza uso upande gari litakakotokea, na ukungu mwembamba ukaanza kudondoka. Dorika aliingia ndani, akatoka. Akashika jembe, akaliacha. Kila alichokigusa jikoni kilikuwa na joto, na joto lile lilimchoma moyo.

Gari lilitokea likiwa limefunga vioo vyote. Methusela akaruka, akavua kofia, akapunga kwa mikono miwili. Ema akamwinua mtoto juu. Nyuma ya kioo mkono mmoja mweupe uliinuka, ukawapungia pia, kama mtu anayeitikia salamu za wananchi wake, na gari likaendelea na safari.

"Ametuona," Methusela alisema, kofia bado mkononi. "Amepunga mkono. Atasimama akirudi."

"Anarudi lini?" Ema akauliza.

Wakahamia upande wa pili wa barabara, wakageuza nyuso zao kuelekea Njombe, wakakaa.

Dorika alishindwa kuvumilia. Alichukua blanketi la kitandani kwake, akavuka mbio bila kujali nani anamwona, akamfunika Bibi Tabea mabega na kichwa. Midomo ya kikongwe ilikuwa imepauka. Alilishika blanketi, akalivuta mpaka kidevuni, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda, akipumua ndani yake. Kisha akafumbua macho, akaitazama barabara, na kwa vidole visivyokunjika akaanza kulishusha, bega moja kwanza, halafu la pili.

"Rudi nalo, mwanangu," alisema. "Wakinikuta nimefunikwa watasema nina mwenyeji."