Kivuli cha Miarobaini

Kila Jumanne wagonjwa wa presha walipanga foleni nje ya zahanati moja ya mtaani Voi, chini ya miarobaini mitatu, kwa kuwa ndani kulikuwa na benchi moja tu. Kisha ofisi ya mipango ya mji ikaikata yote, isizibe jua la taa mpya za sola. Ubao ukasimamishwa: VOI YAPAMBANA NA MABADILIKO YA TABIANCHI.

Miti ikaenda kuchomwa makaa. Kivuli kikabaki palepale chini, na wagonjwa wakaendelea kukikalia. Mzee kuliko wote, Mama Syokau, ambaye jua likimpiga kidogo huanguka, aliketi katikati, binti yake Ndila akiwa kando.

Tatizo likawa taa, zilizosimama ndani ya kivuli kilekile, hazipati chaji. Mkuu wa mipango, Donald Muinde, akaja na suti yake na vibarua wanne. Wakakikunja kivuli kama mkeka, wakakitia kwenye pikapu, wakaenda kukitandika kwenye maegesho ya ofisi yao. Kiti cha gari la Donald kikaacha kumchoma makalio. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Donald alikuwa na upara.

Ndila akamfuata huko.

"Mkubwa, nikatie hata kipande kama leso. Ni cha mama tu, yeye hawezi jua."

"Hiyo ni mali ya umma, mama. Siwezi gawia mtu mmoja mmoja. Na hii hewa safi tunawaletea, si ni afya yake pia?"

"Ataivuta akiwa hai?"

Donald akapandisha kioo cha gari.

Jumanne iliyofuata Syokau akaanguka akiwa wa pili kutoka mlangoni, wala hakuamka. Taa iliyo juu yake ilikuwa imejaa chaji.

Alizikwa Maungu. Ofisi haikukosa utu: ilileta kivuli. Kikatandikwa upande wa waheshimiwa, Donald akaketi hapo amekunja nne, wafiwa wakakaa juani. Akahutubu kirefu kuhusu joto la dunia, akawahimiza wafiwa wapande miti. Wakampigia makofi, maana sisi tuna adabu hata kwa wasiostahili.

Mazishi yalipokwisha, dereva wa pikapu akakosa mtu wa kushika upande wa pili.

"Dada, nisaidie kidogo. Mdosi ana haraka."

Ndila akashika pindo. Kilikuwa baridi, tena kizito kuliko alivyodhani. Wakakikung'uta vumbi la kaburi, wakakikunja vizuri, naye akasaidia kukipakia.