Ukuta wa Chumba cha Mashine

Miaka thelathini na mmoja mzee Faradji alipanga herufi katika Nyumba ya Gazeti, pale katikati ya mji wa Kasongo, na tangu mashine inyamaze akawa anapanga uongo. Alisema mashine ile ilibebwa vichwani na watu arobaini kutoka ziwani, na mmoja ikambana mpaka akawa bapa, mkewe akamtumia kama mlango. Watu walicheka, wakamnunulia kahawa.

Habari moja tu hakuisimulia. Wakati wa vita, karatasi ilipoisha, yeye alizipaka wino herufi kubwa za mbao, akagandamiza majina ya waliouawa juu ya ukuta wa chokaa wa chumba cha mashine. Majina mia moja na kumi na mawili. La arobaini lilikuwa la Asma, binti yake. Akakifunga chumba, asikanyage tena ndani. Humo alimfungulia Mwamvita peke yake, muuza mikate, aliyekuja kila Ijumaa kugusa jina la kaka yake.

Basi tajiri mmoja akataka nyumba ibomolewe, ajenge depo ya kuwekea simenti. Kutoka Kindu akatumwa bwana Octave wa ofisi ya urithi, aamue kama nyumba iandikwe kati ya zile zisizoguswa.

"Mzee, hii nyumba iko na thamani gani? Naona mabati yenye kutu tu."

Mwamvita, aliyesimama karibu na kikapu chake cha mikate, akamkonyeza Faradji: ukuta! Mkono wa mzee ukaushika ufunguo mfukoni, lakini haukuutoa. Na mkono wa mwongo ukikwama, ulimi hutafuta njia ya panya.

"Bwana mukubwa, chini yetu hapa iko dhahabu ya msafara wa zamani. Mizigo saba! Gazeti walilijenga juu ili kuifunika."

Octave akacheka. "Nitarudi kisha wiki mbili, mzee. Unitafutie neno la kweli." Barazani, dereva wa pikipiki aliyekuwa akingoja abiria wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, hakucheka.

Siku ya nne wakafika kutoka huko wachimbaji sita na sururu zao, mkubwa wao Hamadi. Watu wa adabu, wallahi: kwao udongo hauguswi kabla mzee wa pahali hajaombwa. Wakamwekea Faradji kuku mweupe miguuni.

"Baba, utuonyeshe pa kuanzia."

"Wanangu, nilisema bongo, uongo mutupu. Hakuna kitu."

Hamadi akawageukia wenzake. "Mumesikia? Hata kule Lusangi mzee alikatala hivi hivi. Mutu mwenye kujua pahali pa dhahabu ndio anakatala."

"Mimi ni muongo! Muulize muji muzima!"

"Sasa muongo akisema haiko, si ndio iko?"

Wakaangua kicheko, wakaingia. Walipokaribia chumba cha mashine, Faradji akasahau magoti yake mabovu. Alikimbia, akaukumbatia mlango.

"Chimbeni popote, humu hapana!"

Wasingeomba alama nyingine. Wakamwinua kwa heshima, wamemshika huku na huku kama bwana harusi, wakamketisha kando ya barabara pamoja na kuku wake.

Walichimba siku tatu kwenye msingi wa ukuta. Mwamvita alikwenda kushitaki ofisini, akaambiwa alete barua. Adhuhuri ya siku ya tatu ukuta ukapiga magoti, kisha ukalala. Vumbi lilifika sokoni. Hamadi walimtoa amekufa, mdomo umejaa chokaa. Chokaa yenyewe ilikuwa unga. Hakuna herufi iliyobaki imeshikana na mwenzake.

Octave aliporudi, watu wa tajiri walikuwa wanapakia matofali. Mwamvita akamweleza habari ya ukuta. Octave akakaa juu ya jiwe, akamtazama mzee.

"Kwa nini hukunionyesha?"

Faradji akautoa ufunguo mfukoni, akautazama.

"Nyumba imekwisha. Lakini majina, kama unayakumbuka, naweza kuyaandika katika dosie ya ofisi."

Faradji akaanza kutaja. Nuru. Zakaria. Régina. Jina la arobaini akalitaja herufi kwa herufi: Asma. Akaendelea mpaka sitini na tatu. Hapo majina yakamwishia. Kalamu ya Octave ikangoja hewani.

Kichwani mwa mzee majina yalianza kuja, mazuri, kila moja na baba yake na kijiji chake, wa Wamaza, wa Kabambare. Arobaini na tisa tu! Kwake kuyabuni kulikuwa rahisi kama kupumua. Mwamvita akayaona usoni mwake.

"Baba Faradji, usituzalie wafu."

Mzee akayaacha majina yale yapite. Kisha akauliza taratibu, "Na kaka yako, mama, nimemutaja?"

"Bado."

Ijumaa zote zile mzee alimfungulia mlango, akabaki nje, asijue anagusa jina gani.

"Basi umutaje wewe."

"Ibrahim," akasema Mwamvita, bila kumtazama.

Octave akaandika: sitini na nne. Akangoja tena kidogo, akapiga mstari chini yake, akafunga dosie.