Rupia Zilizopigwa Pasi

"Mzee, nani kazipiga pasi hizi?"

Lusajo, afisa utamaduni wa wilaya, aliishika noti ya rupia moja kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panzi. Nyingine nilikuwa nimezitandaza kitandani, kahawia kama majani makavu ya kahawa. Zilitolewa na benki ya watu binafsi enzi za Mjerumani, vita ilipobana. Benki ikafa, karatasi zikabaki ndani ya Biblia za mabibi wa kijiji cha Ndalambo.

"Mke wangu," nikamjibu.

Yunisi alikuwa akibadilisha kwacha za Zambia hapa mpakani. Kwacha ikilowa mvua aliipitishia pasi ya mkaa, ikanyooka, ikapokelewa. Basi na rupia, kila aliyoipata, aliipiga pasi vilevile. Nilimcheka: hiyo haikununulii hata chumvi.

"Baba Erica," akasema, "kuna mtu aliitolea jasho hii. Isikae na makunyanzi."

Sasa huyu kijana anatikisa kichwa. "Noti ya kale haipigwi pasi, mmeiua thamani. Ila kuna mgeni mkubwa anakuja, tutaziweka kwenye kabati la kioo. Utapewa cheti."

Nje gari lake lilikuwa linanguruma, tupu, linachoma dizeli. Nikaisikiliza sauti ile. Asubuhi ile Yunisi alipobanwa kifua hapa Chapwa, gari la wagonjwa lilikuwepo na dereva wake alikuwepo. Mafuta ndiyo hayakuwepo, eti wakubwa hawajasaini. Nikampakia kwenye bajaji, kichwa chake mapajani mwangu. Hatukufika.

"Mwanangu, zima kwanza hilo gari."

"Gari na noti vinahusiana nini, mzee?"

"Wewe zima."

Hakuzima.

Nikaenda jikoni nikakoroga uji mzito wa unga, ule tunaobandikia magazeti ukutani. Nikarudi na sufuria, nikaanza kupaka ukuta upande aliokuwa akilala Yunisi. Nikabandika noti ya kwanza, nikailaza kwa kiganja. Nikabandika ya pili.

"Mzee, hizo hazitabanduka tena. Zitachanika."

"Ndivyo ninavyotaka. Mimi sikusoma, sijui mambo ya kioo. Mgeni wenu akitaka kuziona, avue viatu, aingie chumbani kwa mke wangu."

Aligeuka akatoka. Kisha nikasikia mlango wa gari, na ule mngurumo ukishuka barabarani.

Ilibaki noti moja, imejikunja pembeni. Nikaiweka chini, nikatia mkaa kwenye pasi ya Yunisi.