Bundi mu Telefoni

Mimi hasira yangu iko karibu, bote banajua. Lakini siku ile nilikubali kutulia, juu ndugu yangu Rigobert alinibembeleza. Rigobert anasomea ndege. Alinipeleka kwenye miti ya dambo kule Annexe, pembeni ya muji, fasi mayi inasimama chini ya majani na panya banacheza, ili nione vile bundi anatoka magaribi kuwinda. Tukajificha, matope mpaka mu soksi. Ili bundi ajibu, Rigobert akaliza sauti ya bundi mu telefoni yake.

Kumbe tulikuwa nyuma ya nyumba ya Précieux, bwana ya mutoto wangu Annie. Précieux njo mukwe wa heshima kupita bote: akiniona, anapiga magoti, anapiga makofi, macho chini.

Sasa kwetu, bundi akilia karibu na nyumba, banasema mulozi njo amemutuma. Unatoka na chumvi, unamutupia, unamurudisha kwa ule alimutuma, tena unataja jina yake.

Précieux akatoka na sahani ya chumvi. Akaimwanga yote mu majani.

"We ndege mubaya! Rudia kwa ule alikutuma! Rudia kwa Mama Annie! Kila siku ya Mungu anakuja kula kwangu, anamaliza nyama, kisha anasema haina chumvi!"

Rigobert akanishika nguo. Bule. Nilisimama kati ya majani, nywele nyeupe pe na chumvi yake.

"Précieux, mwanangu," nikamwambia. "Bundi amefika. Na leo chumvi inatosha."